Mchoro wa Haraka Nao ni Ushahidi

Mtu akiwekewa mezani mchoro wa nyumba za mji uliochorwa kwa kalamu ya wino kwa dakika chache, aghalabu hutoa hukumu moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ya sifa: mchoro huu umenasa roho ya mji, tazama mistari inavyocheza. Ya pili ni ya dharau: haya ni makwaruzo, anayetaka kujua mji ulivyokuwa atafute picha ya kamera. Hukumu hizi zinaonekana kupingana, kumbe zimejengwa juu ya msingi mmoja. Zote mbili zinakubali kwamba mchoro wa haraka unatoa habari za mchoraji peke yake, hali yake na hisia zake, na kwamba habari za nyumba hazimo. Mmoja anaupenda kwa sababu hiyo, mwingine anautupa kwa sababu hiyo hiyo. Naupinga msingi wenyewe. Mchoro wa haraka wa wino, ukisomwa kwa utaratibu, ni ushahidi juu ya nyumba, na kuna mambo ambayo unayashuhudia vizuri kuliko picha iliyokamilishwa kwa wiki nzima.

Jambo hili lina uzito mahali kama Muganza. Sekta hii ya wilaya ya Rusizi, kwenye kona ya kusini-magharibi ya Rwanda ambako uwanda wa Bugarama unashuka kuelekea mto Rusizi, inabadilika sura haraka. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilianza kazi hapa 1984, na mwaka 2015 ukazinduliwa mtambo mpya wenye uwezo wa kutoa tani 600,000 kwa mwaka. Mpunga wa bondeni, biashara na Kamanyola ng'ambo ya mpaka, na malori ya saruji yanayopanda kuelekea Kamembe vyote vimeleta fedha, na fedha zikija huja na matofali ya kuchoma, madirisha ya vioo na mabati ya rangi. Serikali nayo imeiweka Rusizi miongoni mwa miji sita ya kuendelezwa baada ya Kigali. Na kabla ya hapo, karibu na mwaka 2010, kampeni ya kuondoa nyakatsi ilikuwa imekwisha kuzifuta nyumba za nyasi nchi nzima. Hakuna anayelilia paa linalovuja. Lakini kuna swali ambalo mpango wa mji haulijibu: nyumba ya rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, yenye kibaraza mbele, duka upande mmoja na chumba cha kulala upande wa pili, miaka 50 ijayo itajulikana kwa ushahidi gani? Wapiga picha wa sherehe na wa matangazo hugeuza kamera kwenye jengo jipya. Nyumba ya kawaida huingia kwenye picha kwa bahati, nyuma ya bega la mtu. Anayekaa chini na kuitazama yenyewe, mwanafunzi mwenye daftari au msafiri anayesubiri gari, huenda ndiye shahidi pekee atakayepatikana. Tukishamwambia mapema kwamba alichokiandika ni hisia zake, tumeifunga kesi kabla ya kumsikiliza.

Tuanze na wino wenyewe, maana wanaosema mchoro wa haraka hauna habari za nyumba hawajautazama unavyofanya kazi. Penseli hufutika, wino haufutiki. Mstari wa kwanza ukikosea, mchoraji anaongeza wa pili pembeni yake, na yote miwili inabaki kwenye karatasi. Kwa hiyo mchoro wa wino hubeba historia ya kuchorwa kwake, na historia hiyo inasomeka. Mstari wa paa unapofika kwenye nguzo ya umeme na kukatika, kisha kuendelea upande wa pili, nguzo ilitangulia. Mstari wa paa ukipita moja kwa moja ndani ya nguzo, paa ndilo lililotangulia na nguzo ikaongezwa baadaye. Ukuta uliochorwa mara mbili, mara ya pili kwa mkazo, unaonyesha kwamba mtazamaji aliona kitu, akakadiria, akatazama tena, akajirekebisha. Anayezungumzia roho ya mji huiona mistari hiyo miwili kama madoido. Mimi naiona kama vipimo viwili vya kitu kimoja, na cha pili kilichukuliwa na jicho lililokwisha kujua kwamba cha kwanza kilikosea. Picha ya rangi iliyomalizwa kwa subira inaficha vipimo hivyo vyote chini ya tabaka la mwisho, ikituachia matokeo bila njia iliyofuatwa kuyafikia.

Haraka nayo ina faida ambayo haitajwi. Mtu mwenye saa tano za kuchora ana muda wa kuongeza asichokiona: anaweza kunyoosha barabara, kusogeza mti, kulinganisha madirisha. Mtu mwenye dakika kumi hana muda wa kubuni. Kila mstari anaouweka unatoka kwenye kitu kilicho mbele yake au kwenye mazoea ya mkono wake, na kazi ya msomaji ni kutenganisha hivyo viwili. Kazi hiyo inawezekana, kwa sababu mazoea hujirudia na kitu halisi hakijirudii. Ukikuta nyumba tisa zilizochorwa kwa mstatili mmoja na pembetatu moja juu, umekutana na mazoea. Ukikuta ya kumi ina paa la mteremko mmoja linaloinamia nyuma, umekutana na nyumba. Mkono uliokuwa unakwenda wenyewe ulisimamishwa na kitu kilichokataa kufanana na vingine.

Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa paa, ambalo kwetu ndilo linalobeba habari nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba. Kwa wino, mabati huonyeshwa kwa mistari inayoshuka kutoka mgongoni hadi ukingoni, vigae kwa safu za vipande vidogo, na nyasi kwa vijistari vifupi vinavyoning'inia. Lakini mchoraji mwenye haraka mara nyingi huacha paa jeupe, na hapo msomaji mzembe huandika kwamba haijulikani lilikuwa la nini, au vibaya zaidi, anachagua mwenyewe. Swali la maana ni kama karatasi hiyo hiyo ina paa jingine lililowekwa alama. Paa moja likiwa na safu za vigae na majirani zake wakiachwa weupe, tofauti hiyo ni ushahidi, kwani jicho liliona paa hili halifanani na yale. Paa zote zikiwa nyeupe, hakuna tunachoweza kusema juu yake, na kukaa kimya hapo ni sehemu ya kusoma vizuri. Tofauti iliyo ndani ya karatasi moja ina nguvu kuliko alama yoyote iliyosimama peke yake, na kutoielewa kanuni hiyo ndiko kunakowafanya wengi waseme mchoro hauaminiki.

Mfano maarufu wa mchoro wa aina hii ni wa Rembrandt. Tarehe 7 Julai 1652 jengo la zamani la halmashauri ya mji wa Amsterdam liliteketea kwa moto. Siku mbili baadaye Rembrandt alilichora gofu lake kwa wino, na kwenye karatasi hiyo hiyo akaandika kwamba ni jengo la halmashauri linavyoonekana kutoka kwenye nyumba ya mizani, baada ya kuungua, akataja na tarehe, 9 Julai 1652. Huyu alikuwa mchoraji mkubwa kuliko wote wa mji wake, na kama alikuwapo mtu mwenye haki ya kudai kwamba mkono wake unanasa roho, ni yeye. Alichoandika badala yake ni mahali aliposimama na siku aliyosimama, mambo mawili ambayo shahidi huulizwa mbele ya hakimu. Karne nne karibu zimepita na hatuhitaji kukisia hali ya moyo wake ili tumwamini kuhusu ni sehemu ipi ya mnara ilikuwa bado imesimama.

Sasa tuweke kando yake picha ya aina nyingine kabisa, safi, iliyokamilika, inayohusu pwani yetu. Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha huko Cologne juzuu ya kwanza ya kitabu chao kikubwa cha miji ya dunia. Ukurasa mmoja una Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Ni nakshi za shaba, za mistari thabiti, zenye kuta, minara na maji yaliyopangwa vizuri, na hadi leo zinatundikwa kwenye kumbi za hoteli na kuchapwa kwenye vitabu kama sura ya Waswahili wa kale. Hakuna kati ya wawili hao aliyefika Kilwa. Usafi wa mstari ulitoka kwenye karakana, mikononi mwa mafundi waliokuwa wamezoea kuchora miji ya Ulaya na waliojaza mapengo kwa yale waliyoyajua. Mtu anayeikataa karatasi yenye mistari inayotetemeka na kuikubali nakshi hiyo anapima ushahidi kwa unadhifu wake, na unadhifu hauna uhusiano wowote na kuwa mtu alikuwapo mahali pale.

Nguvu ya hoja yangu, hata hivyo, inaonekana vizuri zaidi Unguja, kwenye ufukwe wa Mji Mkongwe. Beit el-Ajaib, lile jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, limejulikana kwa vizazi vingi kwa mnara wa saa uliosimama katikati ya uso wake. Mtu aliyekulia na sura hiyo, akioneshwa mchoro wa haraka ambamo mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, ukiwa umetengana na baraza zake, atasema papo hapo kwamba mchoraji amekosea. Atasamehe kosa hilo kwa maneno ya kawaida: alikuwa na haraka, amechora anavyojisikia. Lakini ukweli ni kwamba mnara wa kwanza haukuwa sehemu ya jumba. Ulikuwa mnara wa taa uliosimama mbele yake, na uliharibiwa tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipoipiga mizinga ikulu kwa muda usiofika saa nzima. Baada ya hapo ndipo uso wa Beit el-Ajaib ulipojengwa upya ukiwa na mnara ndani yake. Kwa hiyo kosa la mchoraji ni tarehe: karatasi yenye mnara uliotengana inasimulia mji wa kabla ya mizinga, yenye mnara ulioungana haiwezi kuwa ya kabla ya ukarabati huo, na yeyote aliyechora ufukwe huo mara baada ya tarehe 25 Desemba 2020, siku mnara na sehemu kubwa ya mbele vilipoporomoka, hakuwa na mnara wa kuchora.

Msomaji makini atauliza: kutoka baharini, mnara uliosimama mbele ya jumba na mnara uliojengwa ndani yake si inaonekana sawa kwenye karatasi bapa? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linaonyesha kusoma kunavyofanyika. Macho yashuke hadi chini. Kama kitako cha mnara kimekaa chini zaidi ya mstari wa kitako cha jumba, mnara uko mbele, karibu na maji. Kama mistari ya baraza inafika kwenye mnara na kusimama pande zote mbili bila kuungana nao, mnara unaizuia. Kama mistari ya sakafu inaingia kwenye mnara na kugeuka kuwa mikanda yake, umeungana. Hakuna hata moja kati ya alama hizi inayohitaji mkono wa ustadi. Mtu asiyejua historia ya Zanzibar, asiyejua kwamba kuna kitu cha maana anachokiona, anaweka zile zinazohusika kwa sababu ndivyo vitu vilivyopangana mbele ya macho yake. Nani amepitana na nani, nani amekaa juu ya nani, nani ameishia wapi: hayo ndiyo mambo ambayo mchoro wa haraka unayajua, hata mchoraji asipoyajua.

Turudi Rusizi, kwenye ziwa Kivu, maana ndiko ambako ile sifa ya mistari inayocheza inaleta madhara makubwa zaidi. Kamembe upande wa Rwanda na Bukavu upande wa Kongo zinatazamana kwenye kichwa cha kusini cha ziwa, pale mto Rusizi unapoanzia, na sehemu kubwa ya nyumba zake zimejengwa kwenye miteremko. Ukizichora haraka, kuta hulala kidogo, paa zinapandana, na karatasi nzima inaonekana kama inateleza kuingia ziwani. Mtazamaji wa mbali anatabasamu na kusema mji wa Kiafrika una vurugu yenye furaha. Mpangaji wa mji anaitazama karatasi hiyo hiyo na kusema, tazama akajagari, yaani mparaganyiko. Wote wawili wamechukua mwinamo wa mkono na kuufanya tabia ya nyumba. Kuna kipimo rahisi cha kuwazuia. Kwenye mandhari ya Kivu kuna kitu kimoja ambacho lazima kiwe mlalo sawa, nacho ni ukingo wa maji wa mbali, ng'ambo ya ziwa. Kama mchoraji ameuinamisha ukingo wa ziwa kwa kiasi kile kile alichoinamisha kuta, mwinamo ni wake au wa daftari lililokaa upande. Mikono mingi ina mwinamo wake, na mwinamo huo ni uleule kutoka ukurasa hadi ukurasa. Lakini ukiwa na kuta saba zinazoelekea kulia na moja inayoelekea kushoto, simama hapo. Ukuta huo umepinga mkono, na lazima kuna sababu.

Sababu zenyewe kwetu hazikosekani. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la ardhi liliitikisa Bukavu pamoja na Rusizi na Nyamasheke. Upande wa Rwanda pekee watu zaidi ya 30 walikufa, na makanisa yalibomoka. Kwenye miji yenye historia hiyo, tofauti kati ya ukuta ulioinama na mkono ulioinama ina uzito. Na hata pasipokuwa na tetemeko, nyumba ya mteremkoni ina umbo lake ambalo mchoro wa haraka hulishika bila kukusudia: upande wa juu ukuta ni mfupi, upande wa chini msingi wa mawe umeinuliwa sana, na ukingo wa paa uko sawa. Mtu asiyejua ujenzi wa milimani ataona nyumba iliyokosewa vipimo. Fundi ataona msingi wa ngazi, na ataweza hata kukadiria mteremko ulivyokuwa mkali. Mistari ile ile iliyosifiwa kwa kucheza inageuka kuwa taarifa ya kiufundi mara tu inaposomwa na mtu anayejua nyumba zinavyosimama. Ndiyo maana naona kwamba kazi ya kusoma michoro ya miji imeachiwa mno watu wa sanaa. Waashi, maseremala na wapimaji ardhi wangeisoma vizuri zaidi, kama wangealikwa.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la kamera, kwamba mashine haichagui na mkono unachagua. Historia ya kamera yenyewe inalijibu. Mwaka 1838 Daguerre aliipiga picha Boulevard du Temple jijini Paris, barabara iliyojaa watu na magari ya farasi, na kwenye picha barabara iko tupu, isipokuwa umbo la mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Wengine wote walikuwa wanatembea, na mwanga ulihitaji dakika kadhaa. Picha nyingi za kale za miji zina utupu huo, na watu wamezitumia kuzungumzia ukimya wa mitaa ya zamani bila kujua kwamba ukimya ni wa kemikali. Kamera za leo zimeliondoa tatizo hilo, lakini nyingine zimebaki: mwanga mkali wa mchana unakifuta kilicho kivulini chini ya baraza, na aliyeishika bado anachagua pa kuielekeza. Picha za setilaiti, ambazo wengi huziona kama jibu la mwisho, zinaitazama Muganza kutoka juu na kuona mabati. Mlango uko upande gani, kibaraza kina upana gani, duka limefunguka barabarani au uani, ukuta umepigwa lipu au umeachwa wazi, setilaiti haina habari nayo. Sisemi tuziache. Nasema zinajibu maswali yake, na maswali ya uso wa nyumba yanabaki kwa mtu aliyesimama barabarani na kuutazama.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa sanaa wenyewe: ukimfanya mchoraji kuwa mpimaji, umemnyang'anya uhuru wake. Jibu langu ni kwamba uhuru huo hata wakubwa hawakuudai kwenye daftari. Canaletto, ambaye michoro yake ya rangi ya Venice ilinunuliwa na matajiri wa Uingereza, alikuwa na daftari ambalo sasa limehifadhiwa kwenye Gallerie dell'Accademia mjini humo. Humo ndani kuna nyumba baada ya nyumba kwa kalamu ya wino, na juu ya kuta ameandika vifupisho vya rangi na majina ya vitu. Kwenye picha za kuuza ndiko alikokuwa anasogeza majengo na kuunganisha mitazamo ya sehemu mbalimbali ili ipendeze. Mpwa wake Bellotto aliichora Warsaw kati ya mwaka 1770 na 1780, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia picha zake zilisaidia kuijenga upya. Lakini wataalamu wameonyesha kwamba baadhi ya majengo alikuwa ameyarekebisha, na marekebisho hayo yakaingia kwenye matofali. Uhuru wa mchoraji, basi, unakaa zaidi kwenye kazi iliyokamilika. Na hata harakati ya wachoraji wa mijini iliyoanzishwa na mwandishi wa habari Gabriel Campanario huko Seattle mwaka 2007, ambayo sasa ina wafuasi katika miji mingi duniani, iliweka sharti la kuchora papo hapo na kuwa mkweli kwa kile kinachoonekana. Sharti hilo limesahauliwa na wengi wanaoisifu, wakabaki na mtindo.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, na ni la haki. Michoro mingi ya zamani ya miji yetu ilifanywa na wageni: wasafiri, wamisionari, maofisa wa dola zilizotutawala. Walichagua magofu, minazi na wanawake wenye mizigo vichwani, wakaacha shule, ofisi na foleni za vibarua. Kuyaamini macho yao si ni kuutazama mji wetu kwa jicho la aliyeukalia? Ninakubali kwamba chaguo la mada ni lao, na chaguo hilo lazima lisomwe kama linavyosomwa chaguo lolote la mwenye nguvu. Lakini kilicho ndani ya chaguo hakikuwa mali yao chote. Mgeni aliyechora mtaa wa Lamu au wa Mji Mkongwe bila kujua kazi ya baraza bado aliweka, chini ya ukuta, mistari miwili ya kitu kirefu kilichoshikamana na nyumba. Hakujua kwamba hapo ndipo wanaume hukaa jioni, ndipo habari hupita, ndipo mgeni asiyeingia ndani hupokelewa. Alichora tu. Sisi tunaojua ndio tunaoweza kusema baraza hiyo ilikuwa ndefu kiasi gani na nyumba ipi haikuwa nayo. Zaidi ya hapo, sura nyingi tulizozizoea kutoka vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 zilichorwa upya Ulaya na wachoraji wa nakshi kabla ya kuchapwa. Hasira yetu ielekezwe huko kwenye karakana, ambako minazi iliongezwa. Karatasi ya awali, yenye haraka na makosa, mara nyingi ndiyo iliyo karibu zaidi na ukuta wetu.

Mipaka ipo, na anayeutetea mchoro kupita uwezo wake anaudhuru. Mchoro unaoonyesha paa 40 mlimani hautuambii kwamba zilikuwa 40. Mkono uliojaza mlima ulikuwa unajaza. Idadi ya madirisha kwenye nyumba ya mbali si ya kuaminiwa. Urefu hauaminiki bila kitu cha kulinganisha nacho, mtu aliyesimama mlangoni au ngazi. Sehemu iliyoachwa wazi haimaanishi uwanja mtupu, huenda wino uliisha au gari lilifika. Lakini ushahidi wa kila aina una orodha kama hii. Barua ina mambo isiyoyasema, daftari la kodi lina watu walioachwa nje, na hakuna anayeyatupa. Tunajifunza kila kimoja kinajua nini, kisha tunakiuliza hicho.

Kinachotakiwa ili karatasi za aina hii zifae ni kidogo, na kinaweza kufanywa na shule yoyote ya Muganza au Bugarama yenye kalamu na madaftari. Watoto wachore barabara ya soko lao kwa wino, kwa haraka, bila rula, na bila kusahihishwa hadi nyumba zote zifanane. Nyuma ya kila karatasi iandikwe tarehe kamili, mahali mchoraji aliposimama, na upande aliokuwa akiutazama. Kisha karatasi ziwekwe pamoja kwenye bahasha, zile mbaya pamoja na zile nzuri, kwa sababu nyumba ile ile iliyochorwa na mikono 30 tofauti siku moja inajitenga yenyewe na mwinamo wa kila mkono: kilicho kwenye karatasi 28 ni cha nyumba, na kilicho kwenye moja ni cha mtoto, au ni kitu ambacho wengine 29 hawakukiona na ambacho mtu akatazame kabla ukuta haujabomolewa.